Mgeni wa Boma, Sehemu ya Pili

Ukimuuliza Elick kinyozi ni filamu gani anaipenda kuliko zote duniani, atakutajia ile ambayo hajawahi kuuona mwisho wake. Hatasita. Atazima mashine, atakupuliza nywele shingoni, atasema, "Mgeni wa Boma, ya Xavery Mayunga," kisha atanyamaza kidogo ili jina likae vizuri, kana kwamba wewe ni mtu wa kamati na umekuja kugawa tuzo.

Ukimuuliza inaishaje, hapo umemchokoza.

Ndiyo maana Biharamulo mjini, kuanzia stendi ya mabasi hadi kule kwenye boma la Mjerumani, jina lake la ubatizo limeanza kuota kutu. Watu wanamwita Pati Wani, kwa kuwa ameishia sehemu ya kwanza. "Pati Wani, nipunguze pembeni." "Pati Wani, leo umeme upo?" Hata kanisani, mzee wa usharika aliposimama kuwashukuru waliojitolea viti, aliteleza: "Na ndugu yetu Pati... eh, samahani, ndugu yetu Elick." Waumini walicheka hadi kwaya ikashindwa kuanza.

Saluni yake ina kioo kimoja kizima, kingine kimepasuka, na televisheni iliyofungwa juu pembeni kama kuku aliyepanda darini. Hapo zinachezwa filamu za Mayunga peke yake. Anayetaka mpira aende kwa jirani. Elick anazo karibu zote. Ipo Shemeji wa Nyakanazi, ambayo wateja huicheka mpaka wanakatwa vibaya. Ipo Shati la Marehemu, ambayo haichezwi Jumatatu kwa sababu inaharibu wiki. Na ipo Mvua ya Saa Nane, ambayo kwa muda mrefu haina kitu chochote ila mwanamke anaanua maharage uani huku mawingu yakimjia mgongoni.

"Hii nayo ni filamu?" wateja huuliza. "Mbona hawapigani?"

"Subiri."

"Nasubiri nini sasa?"

"Mvua."

Kwa Elick, waongozaji wengine wa filamu ni watu waoga. Wakiona wahusika wawili wamekaa kimya, wanakimbilia kinanda, au wanamleta mganga, au mke wa kwanza anaingia na mwiko. Mayunga anajua kunyamaza. Anamwachia mtu uso wake, na wewe mtazamaji unabaki nao hapo mpaka uujue. "Ule ndio ufundi," husema Elick akielekeza kitana kwenye kioo, na mteja huomba kwa upole arudi kwenye nywele.

Lakini si ufundi tu uliomfunga kwa Mgeni wa Boma. Mle ndani yumo mama yake.

Mama Scholastika alikuwa akiuza ndizi za kuchoma njia ya bomani. Mwaka ule Mayunga alipokuja na watu wake na taa zake, Elick alikuwa Geita, akichimba dhahabu ambayo mpaka leo hajui rangi yake. Aliyekuwapo ni dada yake mkubwa, Frida. Frida ndiye anayesimulia jinsi mwigizaji kutoka Dar es Salaam alivyochoshwa na vumbi akapanda basi la kurudi, na jinsi mama alivyomfokea kijana aliyesimamisha mguu wa kamera karibu na jiko lake la mkaa. Mayunga alisimama pembeni akisikiliza yale matusi ya kistaarabu mpaka yakaisha, akasema, "Huyu."

Wakampa karatasi ya maneno ya kusema. Akaitumia kuwashia mkaa. Mayunga akamwambia, basi mama, mgeni kabisha hodi, wewe fungua mlango, sema kama unavyosema nyumbani. Mama akafungua mlango wa boma kana kwamba ni wa jikoni kwake, akamtazama yule mgeni juu mpaka chini, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kisubi ambacho shule haikuwahi kukigusa: "Kalibu mgeni, kaa. Chakura kipo, maneno ndiyo yameisha."

Hapakuwa na kurudia. Mayunga, anasema Frida, alivua kofia.

Sehemu ya Kwanza ilipotoka, mji mzima uliitazama. Inaishia pale mgeni anapofika mlangoni, anainua mkono, anabisha hodi. Giza. Itaendelea. Mama alikuwa akikaa kwenye kochi na khanga yake mpya, na kila mkono ule ulipobisha, aliitikia kwa sauti: "Nakuja!" Kisha sinema inaisha, naye anacheka, na watoto wa jirani wanaomba irudishwe abishiwe tena.

Sehemu ya Pili ilitoka, hivyo walisikia. Lakini ilitoka wakati watu wameacha diski na kuhamia kwenye memori kadi, duka lililoleta filamu likageuka duka la mbolea, na lile boksi la nakala za Kagera likapotelea ambako maboksi hupotelea. Elick alipiga namba iliyoandikwa nyuma ya kasha. Ilishakuwa ya mama mmoja wa Tabora anayeuza karanga. Wamezoeana sasa, wanajuliana hali kila Pasaka.

Mama akafa akisubiri kumfungulia mgeni mlango.

Picha zake zipo: ya harusi ya Frida, ya kitambulisho, ya kwenye jeneza ambayo hakuna anayeitazama. Sauti haipo. Simu yake ilikuwa kitochi, na hakuna aliyewahi kufikiria kumrekodi mtu ambaye kumnyamazisha ndiyo ilikuwa kazi. Elick alidhani atakaa nayo kichwani milele. Lakini kadiri siku zilivyokwenda ilianza kumtoka. Alikuwa akiyakumbuka maneno, lakini yakija, yanakuja kwa sauti ya Frida, au ya mama mchungaji, au, Mungu amsamehe, ya yule mama wa Tabora.

Basi siku Celestini, wakala wa mabasi, alipokaa kwenye kiti na kusema tu hivihivi, "Pati Wani, ile filamu yako nimeiona juzi Kasulo. Ya pili," mashine ilizimika yenyewe mkononi.

"Ya pili ipi?"

"Ya pili. Mgeni anabisha, mama mwenye kitenge cha samaki anafungua. Watu walimcheka yule mama, we!"

"Walicheka? Kwa nini wacheke?"

"Si alichosema?"

"Alisema nini?"

"Sasa mimi nilikuwa nakula mahindi, sikushika vizuri. Lakini alisema sana."

Alisema sana. Hapo Elick alipaswa kushtuka, ila furaha ilishamziba masikio. Alivua aproni, akampigia Frida sokoni, akafunga duka. Celestini alilazimika kwenda kumaliziwa upande wa kushoto kwa jirani, akiangalia mpira.

*

Banda la video la Diane, pale Kasulo, ni la mabati na mbao, mabenchi bila egemeo, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki: LEO MCHANA, MGENI WA BOMA 2. Elick alisimama mbele ya ule ubao mpaka Frida akamvuta mkono.

"Twende ndani, mdogo wangu. Ubao hauongei."

Elick alikuwa amevaa shati la Krismasi. Alikaa benchi la mbele, magoti yamebanana, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Taa ya skrini ikawaka. Mkono ukainuka. Ukabisha hodi.

"Nakuja," Frida alinong'ona.

Na hapo, kabla mlango haujafunguka, sauti nzito ya mwanamume ikajaa banda zima kwa Kirundi kilichochanganyika na Kihangaza, ikijitambulisha kuwa ni Di Jei Niyonzima wa Kibimba, ikiwasalimia wakulima wote wa Ngara, ikiwataja kwa majina mashabiki waliovuna vizuri, ikisifu soda fulani. Elick aligeuka nyuma kutafuta anayeongea. Hakuna. Ilikuwa ndani ya filamu.

"Nini hii?"

"Imetafsiriwa, kaka," alisema jirani yake wa benchi. "Bila Niyonzima sisi hatuangalii."

Mayunga alikuwa ameacha kimya kirefu pale mlangoni. Elick alikijua kimya kile. Alikuwa amekingoja kuliko mvua yoyote. Niyonzima alikipanda mahindi chote. Aliwaeleza watazamaji kwamba mgeni ana njaa, kwamba viatu vyake ni vya mkopo, kwamba huenda ni mkwe aliyetoroka.

Mlango ukafunguka.

Alikuwa yeye. Kitenge cha samaki, kilemba upande, ule mkunjo wa nyusi wa kupima kama umenawa. Alimtazama mgeni juu mpaka chini. Mama akafungua kinywa, na kikatoka kisauti cha kukwaruza cha mwanamume anayejifanya bibi kizee, kikaongea, kikaongea, midomo ya mama ikafunga na chenyewe bado kinaongea, na banda lote likavunjika mbavu.

"Nyamaza wewe!" Elick alisimama akiikemea skrini. "Nyamaza! Anaongea mtu!"

"Kaa chini, unatuziba!"

"Huyo ni mama yangu!"

"Basi mwambie akusogeze!"

Diane akaja na tochi, mwanamke mpana asiyependa fujo kwake. Frida akamweleza. Diane, kwa huruma au kwa kuogopa mabenchi yake, akairudisha nyuma. Mama akafungua mlango. Bibi wa Niyonzima akakwaruza. Diane akaongeza sauti, bibi akakwaruza kwa nguvu zaidi. Akaunga spika nyingine. Watu wakacheka upya, wengine wakidhani ndiyo filamu yenyewe.

"Sauti ya chini haipo, kaka," Diane alisema mwishowe. "Niyonzima akiongea, ya mwenyewe anaiua kabisa. Ndiyo namna yake."

"Anaiua."

"Anaiua."

"Na ambayo hajaiua iko wapi?"

"Hiyo kamuulize yeye. Kibimba siyo mbali. Na usiende hivyo, unywe kwanza maji."

Hakunywa.

*

Walipanda pikipiki moja, dereva, Elick na Frida, mishikaki. Njia nzima Elick alitunga atakayomwambia huyo Di Jei. Aliyapanga kuanzia la "wewe ni nani" mpaka la "shetani". Alitegemea kumkuta kijana mwenye kofia ya kugeuza nyuma na suruali ya kushuka, mtu wa kushikwa ukosi.

Alimkuta mzee anapukuchua mahindi. Mvi kichwani, raba za shambani, miwani imefungwa kwa uzi. Ikabidi.

"Shikamoo," Elick alisema, meno yamekaza.

"Marahaba, wanangu! Karibuni, karibuni. Mmetoka mbali, naona vumbi."

Ni kazi ngumu sana kumgombeza mtu uliyekwisha kumwamkia. Elick alijaribu, lakini kila neno lilitoka na "mzee" mkiani. Wewe mzee umeharibu filamu. Mzee, umemgeuza mama yangu kikaragosi, mzee. Niyonzima alisikiliza akiendelea kupukuchua, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Elick hakuitegemea.

"Kumbe unampenda Mayunga!"

"Simpendi, namheshimu. Wewe ndiye..."

"Mimi nimetafsiri zake zote! Shati la Marehemu nililia mpaka nikarekodi mara ya pili. Mvua ya Saa Nane! Unajua kwa nini nampenda Mayunga kuliko waongozaji wote?"

"Kwa nini?"

"Anatuachia nafasi. Wengine, watu wao wanaropoka mwanzo mwisho, Di Jei huna pa kuweka mguu. Mayunga ananyamaza, ananiita, 'Niyonzima, ingia.' Yule ananijua."

Elick alikaa chini juu ya magunzi bila kukaribishwa. Alikuwa amekutana na mtu wa kwanza katika wilaya hizi mbili aliyeziona filamu zote zile, na alikuwa huyu.

"Hakukuita," alisema. "Alinyamaza ili watu waone."

"Watu wangu hawajui Kiswahili vizuri, mwanangu. Wakiona kimya wanadhani banda limeharibika."

"Ya asili iko wapi, mzee?"

"Nikimaliza nafuta. Kompyuta yangu ndogo, ikijaa inazimika. Iliyobaki ni yangu tu."

Frida aliuliza taratibu, "Lakini uliisikiliza, baba. Kabla hujafuta."

"Mara nyingi! Nisiposikiliza nitapataje kulinganisha na mdomo?"

"Alisemaje?"

Mzee akavua miwani. Akasafisha koo kama mtu wa redio. Kisha akatoa kile kisauti cha kukwaruza: "Kalibuuu mgeni, kaaa..."

"Sivyo," alisema Elick.

"Ndivyo alivyosema."

"Maneno ndiyo, sauti sivyo. Hakuwa kizee. Na havuti hivyo."

Niyonzima akashusha. "Karibu mgeni, kaa. Chakula..."

"Chakura! Na usimbembeleze huyo mgeni, hambembelezi. Amechoka, ana ndizi jikoni zinaungua."

"Kalibu mgeni. Kaa chakura kipo."

"Mzee, unakimbilia wapi? Anasema kaa, anakusubiri ukae. Hajaendelea mpaka umekaa!"

"Kaa... chakura kipo..."

"Siyo kipo kama unatangaza mnada! Aa, mzee, sikiliza basi!" Elick alisimama, magunzi yakamwagika, mikono kiunoni, amechoka na safari, na Niyonzima, na dunia isiyotunza kitu. "Kalibu mgeni! Kaa." Akangoja. "Chakura kipo. Maneno ndiyo yameisha."

Kuku alikatiza uani. Niyonzima alikuwa amekaa kweli, juu ya debe, mikono magotini, kama aliyeamriwa. Frida alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Eli, rudia. Mama alikuwa hapa."

Niyonzima akaruka, akawakimbiza kwenye chumba chake, magodoro ukutani, kipaza sauti kimevishwa soksi. Wakaichezesha filamu, mama akafungua mlango, Elick akasema. Ikatoka sauti ya kinyozi. Akasema tena, ikatoka ya kinyozi anayemwigiza mama yake. Alijaribu akisimama, akijishika kiuno, akifumba macho. Niyonzima akapendekeza wamkasirishe, akamtukana kidogo kwa adabu, na haikusaidia kitu.

"Sasa unaigiza," Frida alisema, akafuta macho. "Tuondoke, mdogo wangu, jua linashuka."

Hasira ya Elick wakati huo ingeweza kuwasha jiko. Alikuwa na sauti ya mama mdomoni, akaiachia kwenye uwanja wa mahindi, mbele ya kuku. Niyonzima alisumbuka kuliko wao. Alikaa na kompyuta yake kwa kitambo, akibonyeza, akiguna, kisha akampa flashi.

"Nimejitoa pale," alisema. "Mlangoni tu. Kwingine siwezi, nitaharibu. Pale nimenyamaza."

Kwa mtu aliyeishi kwa kuongea, lilikuwa jambo. Elick alishindwa hata kumshukuru vizuri. Alisema "asante, mzee" kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

*

Sasa saluni ina Sehemu ya Pili, na Biharamulo nzima ilijaa siku ya kwanza. Waliosimama walikuwa wengi kuliko wenye nywele. Celestini alipata kiti kwa heshima ya kuwa mgunduzi.

Mkono ukabisha. Niyonzima akawasalimia wakulima wa Ngara, watu wakazomea. Kisha akakatika, ghafla, kama aliyezibwa mdomo. Mlango ukafunguka kwenye kimya kitupu, kimya cha Mayunga chenyewe hasa. Mama akamtazama mgeni. Midomo ikacheza. Hakuna kilichosikika ila jenereta la jirani. Mlango ukafungwa, Niyonzima akarudi mbio na mkwe wake mwenye viatu vya mkopo.

Elick akasimamisha. Akarudisha nyuma.

"Mbona umerudisha?"

"Subiri."

Mama akafungua mlango. Midomo ikacheza. Elick akasogea karibu na skrini, mashine mkononi, akiifuata ile midomo kwa yake bila sauti. Akarudisha tena.

"Pati Wani, bwana, iache iende!"

"Mgeni ni nani? Tuambie basi mgeni ni nani!"

"Sijui."

"Hujui? Umeenda mpaka Kasulo, umeenda mpaka Kibimba, hujui?"

Kweli hakujua. Kasulo aliondoka filamu ikiwa pale mlangoni. Kibimba walichezesha mlango tu. Nyumbani, tangu alipoipata flashi, hakuwahi kuupita ule mlango. Akarudisha.

"Huyu mtu ni mgonjwa," alisema mmoja, na Celestini akasimama, kitambaa cha kunyolea kimemning'inia shingoni, povu sikioni. "Mimi naondoka. Juzi umeniacha nusu kichwa, leo nusu filamu. Unatufanya wajinga, Pati Wani, sema kama hutaki tuone, tuseme tu..."

"Aa, Celestini, makelele ya nini!" Elick aligeuka, mkono kiunoni. "Kaa."

Akangoja. Celestini akakaa.

"Maneno ndiyo yameisha."

Wazee waliokuwa wakinunua ndizi kwa Mama Scholastika njia ya bomani walitazamana. Mmoja wao akageuka kabisa kuangalia mlangoni, kuona nani ameingia.

Elick alikuwa ameshageukia skrini, hakuona. Alikuwa anatafuta kitufe cha kurudisha nyuma, akinung'unika kwamba watu wa mji huu hawawezi kumwachia mtu akasikiliza.